Roboti Zina Ukuta, Sisi Hatuna



Mwezi uliopita tulitembelea vinu vya kusaga mihogo katika soko la Kashikishi na katika vijiji vya ufukoni mwa Mweru. Katika vinu vitatu tulikuta jambo lile lile. Kontrola ya mota, yaani kile kisanduku kinachoongoza mwendo wa mota na kuizima inapoelemewa, imefunguliwa kifuniko. Ndani yake kipande cha waya kimelehemiwa sambamba na kipimo cha umeme, ili kontrola ione umeme mdogo kuliko ule unaopita kweli. Feni ndogo imefungwa kwa kamba juu yake ili kuipoza.

Aliyefanya kazi hiyo ni kijana wetu mwenyewe, fundi hodari, nasi hatumtukani. Tulipomwuliza amejifunza wapi, alitoa simu akatuonyesha roboti za Marekani zinazopigana.

Basi tukakaa tukazitazama. Mchezo huo si wa jana. Marc Thorpe aliandaa mashindano ya Robot Wars huko San Francisco mwaka 1994. Roboti za uzito mkubwa hufikia pauni 250, yaani kilo 113 hivi, nazo huzungusha vyuma vinavyopasua vyuma. Waundaji wake hufungua mipaka ya kontrola kwa makusudi, huongeza shaba na kapasita, kwa sababu wanataka mota itoe nguvu yote hata kama itaungua. Lakini pambano lao ni la dakika 3. Watu wote hukaa nje ya ukuta wa plastiki ngumu, na kila roboti ina swichi au kiungo cha kuchomoa cha kuikatia umeme wote kabla mtu hajaikaribia. Kijana wetu ameiga waya. Ukuta hakuiga, na tajiri hakumwomba.

Mwenzetu anayelisha kinu husimama hatua moja kutoka kwenye nyundo, si kwa dakika 3 bali kutwa nzima, mtoto mgongoni pengine, maana wengi wa wasagishaji ni mama zetu. Zamani chekeche ikiziba, mota ilielemewa na kontrola ikaizima. Sasa mota inaendelea kuvuta, mkanda unatoa moshi, waya zinaungua. Na katika kinu kimoja mwendo nao umepandishwa, kutoka hezi 50 hadi 60. Tajiri anasema ni nyongeza ndogo. Si ndogo. Mizunguko huongezeka kwa sehemu moja ya tano, lakini nguvu inayovuta nyundo itoke kwenye pini yake hupanda kwa asilimia 44. Pini iliyochakaa ikikatika, nyundo hiyo haiulizi nani amesimama mbele.

Tunajua haraka hii imetoka wapi. Ukame wa 2024 ulipunguza maji ya Kariba, umeme ukakatwa saa nyingi nchi nzima, na wenye vinu wakajifunza kusaga mzigo wa siku nzima katika saa chache. Tuseme ukweli pia juu yetu wenyewe: wale wanaolipwa kwa debe walishangilia mwendo mpya. Sisi wenyewe katika ujana wetu tulifunga springi ya gavana ya injini ya dizeli kwa waya, tukaona ni ujanja. Mwenzetu mmoja alipoteza vidole viwili kwa ujanja ule, na mwajiri akamwita mzembe.

Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya 2010 humtaka mwajiri aweke mashine zisizodhuru. Kwa hiyo tunadai kontrola zirudishwe kama zilivyotoka kiwandani, kila kinu kiwe na swichi ya kukata umeme ambayo mlishaji anaifikia bila kuhama, na mkanda uzingirwe. Anayetaka kusaga zaidi anunue mota kubwa zaidi. Wenzetu wa viwanda vya barafu na wa mashamba ya chai, tazameni nanyi visanduku vyenu, lakini msiguse ndani. Ukishazima swichi, umeme hubaki katika kapasita kwa dakika kadhaa, nao unaua.

Fundi kijana tumezungumza naye. Alituambia akikataa yeye, tajiri atavusha mwingine kutoka Kilwa ng'ambo ya ziwa. Huenda ni kweli. Ndiyo maana tunawaomba mafundi wote wa Nchelenge, wenye kadi ya chama na wasio nayo, wa upande huu na wa Kongo, wafike tawini Jumamosi saa nane mchana, tukubaliane kwamba hakuna atakayelehemu waya huo kwa bei yoyote. Walishaji wa vinu waje nao, na waje na namba ya kinu chao.