Kuvu ya bafuni si uchafu wako

Wasee, nimehama ploti moja hapa Dunga na dipoziti yangu ya elfu saba imebaki na mwenye nyumba. Sababu? Eti nimechafua bafu. Alinionyesha ile mistari myeusi kwa grauti, hiyo simiti nyembamba katikati ya vigae.

Manze, hiyo bafu nimeisugua kuliko nilivyosoma kabla niache chuo. Kila Jumamosi, Jik na mswaki mzee. Jumapili mistari inang'aa. Wiki mbili haziishi, weusi umerudi pale pale. Sasa kama ni uchafu, mbona unarudi mahali nimesafisha?

Kwa sababu kuvu ni shida ya maji na hewa kwanza. Grauti ina vitundu vidogo vinavyofyonza maji. Jik inatoa weusi wa juu, lakini unyevu ukibaki ndani, kuvu inaota tena. Na kidirisha cha bafu yangu kilifungukia korido, si nje. Mvuke wa shawa ungeenda wapi?

Jibu la mwenye nyumba: "Hapa ni ziwani, kijana, zoea." Ni kweli, Dunga tuna unyevu. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda hadi likaingia manyumbani, na 2024 likapanda tena. Lakini jirani wa ploti ya pili anapumua hewa hiyo hiyo, ana dirisha la nje, na grauti yake ni safi. Ziwa halijengi bafu.

Mimi pia si malaika. Nilikuwa naanika nguo mbichi humo ndani halafu nafunga mlango. Hiyo naikubali. Dirisha, hapana.

Na hii si stori ya urembo. Kule Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alikufa Desemba 2020. Mwaka wa 2022 uchunguzi wa kifo chake ukasema chanzo ni kuvu ya nyumba yao. Babake alikuwa amelalamika, akaambiwa apake rangi. Leo kuna sheria huko yenye jina la huyo mtoto. Sisi tuna Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kinachotupa haki ya makazi ya kutosha, lakini bado tunaona aibu kuuliza kuhusu dirisha.

Kwa hivyo, kabla ulipe dipoziti, ingia bafuni. Dirisha linafungukia wapi? Ukikaribishwa na harufu kali ya Jik, jiulize ni nini kimefutwa asubuhi. Piga picha za kila kona, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Mimi sikupiga, ndiyo maana sina cha kumwonyesha.

Ukishahamia, ukimaliza kuoga futa maji ukutani na uache mlango wazi. Usichanganye Jik na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Hewa inayotoka hapo ni sumu. Grauti ikianza kumomonyoka, inafaa ikwanguliwe na kuwekwa mpya, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba, si ya mswaki wako.

Omera, siku akikuuliza mbona bafu ni nyeusi, usiinamishe kichwa. Muulize dirisha liko wapi.