Jabali na Bendera Mbili

Mto Ruvubu na Mto Kagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, katika wilaya ya Ngara ilipo Nyamiaga. Maji hayo yametoka Burundi na Rwanda. Kutoka hapo huteremka hadi Ziwa Viktoria, wala hakuna askari anayeyauliza uraia wao. Ndani ya ziwa hilohilo kipo Migingo, kisiwa cha mawe kisichotimia ekari moja, kilichosongamana mabanda ya mabati na mamia ya wavuvi. Tangu mwaka 2004, polisi wa Uganda walipotia mguu pale, Kenya na Uganda zimekigombania.

Kila upande umeinua Amri ya Mfalme wa Uingereza ya mwaka 1926, iliyoueleza mpaka wa ziwani. Mwaka 2009 Rais Museveni alitamka kwamba kisiwa ni cha Kenya, lakini maji ni ya Uganda. Kwa fatwa hiyo mvuvi ameruhusiwa kulala na kukatazwa kuvua! Jabali bila maji lina thamani gani? Mbona kisiwa jirani cha Usingo, kilicho kikubwa zaidi, hakikuzusha zogo kama hilo? Kinachogombaniwa ni sangara na ushuru wake. Heshima ya taifa ni kanzu iliyovishwa juu ya biashara.

Karatasi ni ushahidi, si msahafu. Kisumu yenyewe ilikuwa Uganda hadi mwaka 1902, watawala wa Kiingereza walipoihamishia upande wa pili. Nani leo atathubutu kuidai?

Ngara inalijua somo hili. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji waliimega Gisaka kutoka Rwanda ili Waingereza wapate njia ya reli. Mwami Musinga alipinga, wamisionari walipinga, na kufikia mwanzo wa 1924 Gisaka ilikuwa imerudishwa. Mstari uliodaiwa kuwa wa kudumu ukafutika. Lakini Bugufi, iliyokuwa chini ya Mwami wa Burundi, ilibaki Tanganyika. Wahangaza, ambao lugha yao na Kirundi ni chanda na pete, wakajikuta taifa moja, na jamaa zao taifa jingine. Wenyewe hawakuulizwa.

Atatokea wa kusema kwamba pasipo mpaka hapana sheria, na pasipo sheria samaki watakwisha. Ni kweli. Lakini samaki haujui mpaka huo, na nchi hizi pamoja na Tanzania ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria mwaka 1994, lenye makao Jinja. Chombo cha kulinda ziwa kipo. Kilichokosekana ni nia ya kukitii. Wapima ardhi walitumwa mwaka 2009, na vipimo vyao havikumwondolea mvuvi hofu ya kukamatwa na kutozwa ushuru mara mbili.

Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa kwamba kisiwa ni watu wake kabla ya kuwa nukta katika ramani. Basi na iwe leseni moja, ushuru mmoja na doria moja ya pamoja, na wavuvi wenyewe wawe na kiti katika kikao kinachoamua. Serikali isiyoweza kumhakikishia mvuvi usiku mmoja wa amani haina haki ya kujivunia bendera iliyoisimika juu ya paa lake.