Ng'ombe ya baba na Kingereza cha Kampala

Wandugu vijana wenye munajiandaa kwenda Kampala kujifunza Kingereza, musome hii mbele ya kupanda bisi.

Mimi ni mutoto wa Kalengera. Nilimaliza lisansi hapa Goma, nikakaa bila kazi. Karibu kila tangazo la ma ONG lilikuwa linaomba Kingereza. Baba akauza ng'ombe ya mwisho yenye ilibakia kisha vita, nikaenda Kampala miezi sita.

Nilifikiri Kiswahili kitanifungulia mulango. Siku ya kwanza nikasalimia mama moja muuza matoke: «Jambo mama, habari?» Akanyamaza, akavuta mufuko wake karibu. Niliumia sana. Sikujua kama kule, kwa miaka mingi, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi ya jeshi. Wazee wa Kampala wanakumbuka askari wa wakati wa Idi Amin, 1971 mpaka 1979. Yule mama hakunichukia. Alisikia sauti ya askari. Lakini hakuna mutu alinielezea.

Basi nikafunga kinywa. Miezi miwili nilitembea na Wakongomani tu. Nililipa pesa ya Kingereza, nikajifunza Lingala!

Jirani mumoja ndiye alinitoa humo. Alinifundisha salamu ya Kiganda: «Oli otya, nnyabo?» Watu wakaanza kucheka na mimi, kunisahihisha, kunipunguzia bei. Na yeye akaniomba nifundishe mutoto wake Kiswahili. Hapo nikaelewa kama sikufika kule mikono mitupu. Mu 2022 Kongo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwezi wa saba mwaka ule ule serikali ya Uganda ikakubali Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kile nilikuwa naonea haya ndicho wanahitaji.

Kwa hiyo, wale munaenda: mujifunze kwanza salamu ya wenyeji, musijifungie kati ya wenzetu, musiache Kiswahili mupakani. Na nyinyi wenye mulitangulia: mupokee wapya, muwaelezee mambo haya siku ya kwanza. Haiombi pesa.

Lakini mzigo usibaki kwa mwanafunzi peke yake. Tunauliza ma ONG ya hapa Goma: mutu mwenye atashinda Rutshuru akiongea Kiswahili na Kinyarwanda na wakimbizi, Kingereza ni cha nini? Muandike wazi ni kazi gani inakiomba, na kwa kiasi gani. Na masomo yetu: mutoto anafundishwa Kingereza miaka mingi mu sekondari, anatoka bila kujua kuomba maji. Kama kingefundishwa vizuri hapa, nani angeuza ng'ombe?

Mimi nilirudi na cheti. Kazi bado. Ng'ombe ya baba haikurudi. Sijutii kujifunza, najutia kama familia yetu ililipa mara mbili kitu chenye shule ilipaswa kutupa. Tukidai hiyo pamoja, wadogo zetu wataenda Kampala kwa kupenda, si kwa kulazimika.