Ukweni Tarime, na Serengeti je?
Kila Desemba wengi wenu mnakwenda Tarime kusalimia wakwe, mnakula, mnarudi Dar. Watoto wanaijua Serengeti kwenye televisheni tu, wakati ipo jirani! Safari hii ongezeni siku mbili. Toka kwenye baridi ya Tarime piteni Nyamongo, vukeni Mto Mara hadi Mugumu, kisha mkaingie hifadhini kwa geti la Ikoma. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, kidogo sana kuliko mgeni. Wanaotaka kuona nyumbu wakivuka mto waende Julai hadi Oktoba, upande wa Kogatende.

Ila jamani, kubalianeni bajeti kabla ya kuwasha gari, na wakwe waambiwe siku ya kuaga mapema. Mkigombana barabarani watoto wanasikia yote. Kiti cha nyuma hakina ukuta.