Ukijitolea redioni, acha ufunguo kwa wenyeji

Haya basi. Majuzi nilirudi kwenye kituo kimoja kidogo cha redio ya jamii, upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Kutoka Nyeri ni matatu hadi Nanyuki, nyingine hadi Meru kupitia Timau, kisha bodaboda. Nilikuwa nimejitolea huko miezi kadhaa nyuma, nikaondoka nikijiona mtu wa maana. Safari hii nilirudi na aibu.

Nilikuwa nimefanya nini? Kompyuta yao ilicheza nyimbo na matangazo kutoka folda za kawaida. Nikaifuta, nikaweka Linux na Rivendell, programu huria ya kuendesha redio. Ratiba inajipanga, tangazo linatoka kwa saa yake. Kazi safi! Nywila nikaiweka kichwani mwangu.

Usiku mmoja stima ikapotea. Iliporudi, hifadhidata ya MySQL ambayo Rivendell huitegemea ikakataa kuamka. Nami simu nilikuwa nimeizima. Kwa siku mbili hakuna aliyeweza kufungua kilichokuwa humo, likiwemo tangazo la mazishi. Jamaa wa ng'ambo ya bonde walifika kaburi likiwa limeshafunikwa.

Mama mtangazaji hakunigombeza. Alisema tu, "Injinia, zamani tulikuwa tunabonyeza faili, inaimba. Hii yako ilikuwa inangoja urudi."

Kwa nini redio ndogo hivi ina uzito? Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Mlima wenye mita 5,199, pamoja na matuta yake yote, huyakinga. Redio za biashara huweka mitambo palipo na wateja. Bonde lililojificha linabaki na kituo chake hicho kimoja kinachojua marehemu ni wa boma gani.

Sisemi tusipeleke programu mpya. Rivendell ni nzuri, na ni ya bure. Ninalosema ni kwamba mtu wa kujitolea asiache kitu ambacho yeye peke yake ndiye anayeweza kukifufua. Huo si msaada, ni utegemezi.

Historia yetu inatufunza. Redio ya jamii ya kwanza nchini ilianzishwa Homa Bay mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO. Serikali ikaifunga 1984. Ile ilikuwa siasa, si MySQL, lakini swali ni lile lile: swichi iko mkononi mwa nani? Linganisha na Mang'elete kule Makueni, iliyoanzishwa 2004 na vikundi vya kina mama. Marekebisho ya sheria ya mawasiliano ya 2009 yaliitambua redio ya jamii kama aina yake ya utangazaji. Sheria imewapa wenyeji nafasi hewani. Sisi mafundi tusiwanyang'anye kwenye kibodi.

Safari hii nilifanya hivi. Nakala za nyimbo na matangazo yote ziko pia kwenye folda za kawaida, ndani ya kompyuta ya pili. Nywila iko ndani ya bahasha, kabatini kwa mweka hazina. Hatua za kurudisha hifadhidata zimeandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, ikabandikwa ukutani. Kisha nikamwomba mama achomoe waya wa stima. Akachomoa. Nikakaa juu ya mikono yangu huku yeye na kijana mmoja wakiirudisha wenyewe. Iliwachukua dakika arobaini. Mara ya pili, kumi na tano.

Jambo la mwisho. Siku zile nne za kwanza nilipigiwa makofi na kuchinjiwa kuku. Yule mama amefungua kituo alfajiri kwa miaka, bila mshahara. Kati yetu wawili, anayejitolea ni nani hasa? Ukienda kituo kama hicho, muulize yeye kwanza anataka nini. Halafu ndiyo ufungue mkoba wa laptopu.