Zima Hao Samaki wa Katuni

Haya jamani, leo tuache kidogo mambo ya wavuti twende ufukweni. Kuna kifaa ambacho watu wananiuliza kama wanunue, pengine kwa sababu kinatumia simu na mimi ndiye mtu wa simu wanayemjua. Ni mpira mdogo, unaenea kwenye kiganja, unaufunga kwenye mshipi na kuurusha majini. Unaelea, unapiga sauti kuelekea chini, unasikiliza mwangwi, halafu unatuma matokeo kwenye simu yako kwa Wi-Fi. Huhitaji mashua wala waya.

Jibu langu: nunua kama pesa ipo. Lakini kabla hujaurusha mara ya kwanza, ingia kwenye mipangilio ya programu uzime alama za samaki. Wale samaki wa katuni wanaopita kwenye skrini ndio wanaouza kifaa hiki, na ndio sehemu yake inayodanganya.

Nasema hivi kama mtu anayeandika programu kwa kazi. Mpira hauoni samaki. Unachopata ni muda na nguvu ya mwangwi, basi. Sauti husafiri baharini karibu mita 1,500 kwa sekunde. Ukipiga na mwangwi ukarudi baada ya milisekunde 5 na kitu, umegawanya kwa mbili, una kina cha mita 4. Huo ndio ukweli wote uliomo ndani ya mpira, na wazo lenyewe si geni: Furuno wa Japani walikuwa na mashine ya kutafutia samaki kwa mwangwi tangu 1948. Katuni inakuja baadaye. Kuna mwandishi wa programu, ofisini kwake, aliyeamua kwamba mwangwi wenye nguvu kiasi fulani, ukiwa juu ya sakafu kwa umbali fulani, uchorwe samaki. Yaani ni "kama hivi, basi vile". Mwani unaoyumba unaweza kupita mtihani huo. Mapovu ya wimbi nayo pia, hata mfuko wa plastiki.

Sasa tuangalie samaki wa ufukwe wetu. Kinachorudisha sauti vizuri kwa samaki ni mfuko wa hewa tumboni, ule ambao wenzetu wa Ziwa Victoria wanauita bondo na kuuza kwa bei kuliko nyama yenyewe. Papa na taa hawana. Taa aliyejilaza mchangani ni sehemu ya mchanga tu kwa mpira wako. Chewa anao, lakini anakaa ndani ya shimo la mwamba, na sauti inagonga mwamba kwanza. Tasi wanakula kwenye majani ya baharini, mwangwi wao unachanganyika na wa majani. Kwa hiyo katika wale tunaowatafuta hasa tukisimama mwambani na mshipi mkononi, katuni inawakosa wengi na kukuchorea wengine ambao hawapo. Halafu mtu anasimama saa tatu akitupa chambo juu ya mwani, kwa sababu simu imesema!

Kuna kosa lingine kubwa zaidi, na hili wauzaji hawalielezi. Skrini inasogea kwa wakati. Haisogei kwa umbali. Mpira ukitulia mahali pamoja, picha inaendelea kutembea vilevile, na samaki mmoja aliyesimama chini yake anatokea kama mstari mrefu. Ukiona sakafu tambarare ndefu, huenda umetazama eneo lile lile dakika nzima. Ili picha iwe na maana ya umbali ni lazima uvute mshipi kwa mwendo usiobadilika, polepole.

Na upana nao. Sauti inashuka kama koni. Koni ya digrii 15 kwenye kina cha mita 4 inafunika duara la mita 1 hivi. Ukichagua ya digrii 55, duara linakuwa mita 4. Watu wanachagua pana wakidhani wataona mengi. Wanaona mengi kweli, ila hawajui yako wapi ndani ya hizo mita 4. Kwenye mteremko ni mbaya zaidi, kwa sababu mwangwi wa kwanza unatoka upande ulioinuka, programu inauita sakafu, na chochote kilicho chini ya hapo, hata samaki aliyejibanza kwenye mteremko, kinafichwa. Chagua nyembamba.

Sasa mtaniuliza, kama ni hivyo kwa nini usiseme tusinunue? Kwa sababu kina ni dhahabu. Ukingo wa mkondo kule kreki ya Mtwapa au Kilifi, pale mita 2 zinapogeuka ghafla kuwa 6, hauonekani kwa macho maji yakiwa na tope. Kwa mpira unaupata kwa kurusha mara chache. Tena mwangwi wa sakafu wenyewe unasema kitu: mwamba unarudisha sauti kali, tope linaimeza. Mvuvi mzee anajua haya kwa chubwi, kwa kuhisi inavyogonga au inavyozama. Nimesikia wauzaji wakimcheka mzee kama huyo. Wamcheke wakishajua yeye anatumia kanuni ile ile, bila betri.

Lakini kina cha baharini bila saa ni nusu ya habari. Mombasa wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ramani uliyochora maji yakiwa yamejaa itakudanganya yakipwa, labda kila kipimo kiwe na saa yake ili utoe tofauti kwa kutumia jedwali la maji la Kilindini. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: vipimo vyangu vinatoka? Si picha ya skrini. Vipimo vyenyewe, vyenye saa. Vyombo vya baharini vina lugha yao ya maandishi ya kawaida, NMEA 0183, na kina kinasemwa kwa mstari mmoja tu:

$SDDBT,13.1,f,4.0,M,2.2,F

Futi 13.1, mita 4.0, pima 2.2. Mtoto wa sekondari anaweza kuandika programu ya kuusoma. Kifaa kinachotoa mstari huu ni chako. Kifaa kinachokutaka ufungue akaunti kwanza, halafu kinapeleka ramani ya mahali pako pa siri kwenye seva usiyoijua, hicho umekikodi tu. Na siku programu ikiachwa kutunzwa na simu yako mpya ikaikataa, utabaki na mpira wa kuchezea watoto.

Mambo madogo kwa atakayenunua: mpira huwa na uzito wa karibu gramu 100, kwa hiyo fimbo nyepesi itavunjika na mshipi dhaifu utakatika, na mpira utaenda zake Zanzibar. Mawimbi ya redio hayapiti majini, hivyo wimbi likiufunika mpira mawasiliano yanakatika; shika simu juu. Zima data, maana simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti zinaihama zenyewe. Oshea maji baridi ukirudi nyumbani.

Nikipata nafasi nitaweka hapa programu fupi ya kusoma mistari hiyo ya NMEA na kutoa urefu wa maji kwa saa. Atakayekuwa na vipimo vya kreki yoyote, na yuko tayari kuvigawa, anitumie nivijaribu.