Nani Aliagiza Rangi Hii?



Katika soko la vitambaa la Zhongda, kitambaa kilichotiwa rangi kwa agizo hakirudi dukani. Karibuni tuliwasuluhisha vijana watatu washirika, mmoja wao akiwa Kariakoo, waliogombania majora 40 ya rangi isiyotakiwa. Agizo lilitolewa kwa sauti katika kundi lao la simu; mmoja hakulisikiliza, mwingine alidhani limekwisha kubadilishwa.

WeChat, iliyobuniwa mji huu huu wa Guangzhou na kutolewa mwaka 2011, ni baraza zuri, lakini si daftari. Makampuni mengi ya Kichina hutumia DingTalk, ambayo humwonesha mtumaji nani amesoma agizo na nani bado. (Wapo wafanyakazi wauonao huo kuwa upelelezi, nasi hatuwalaumu.)

Washirika watatu hawahitaji makubwa hayo. Wawatosha waraka mmoja wa pamoja, ufunguliwao katika simu ya kila mmoja: namba ya kitambaa, rangi, mita, bei, na jina la aliyeidhinisha. Picha ya sampuli iwekwe humo kabla ya malipo. Kuandikiana deni tumeamrishwa katika Suratul Baqarah, aya ya 282, na simu haikutuondolea amri hiyo.

Vijana wale wameanza waraka wao. Majora 40 yangali ghalani.